Sindano ya Kibla na Pete ya Baridi

Mie ndiye mtu pekee wa Tanga aliyewahi kufunga baridi kwenye keria ya baiskeli akaipitisha Ngamiani jua la saa nane likiwaka. Mwenye kubisha na abishe. Baridi yenyewe haikuwa barafu. Barafu ni moto mbele yake. Ilikuwa naitrojeni, hiyo hiyo iliyomo hewani tunayoivuta kila siku, ila hii ilikuwa imepozwa hata ikawa maji, na maji hayo yalichemka muda wote bila moto chini yake. Ukitumbukiza ua la mwasumini humo, ukilitoa linavunjika kama gae la kikombe. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ukikohoa juu yake kikohozi kinaanguka chini kama kokoto. La kikohozi nimeongeza chumvi. La mwasumini ni kweli tupu.

Niliipata kazini. Nilikuwa mtumishi wa kituo cha kupandishia ng'ombe, nje kidogo ya mji, ambako mbegu za madume ya kigeni zilihifadhiwa ndani ya mitungi ya baridi hiyo. Gari lilipoileta tulijaza mitungi, na iliyobaki ilijifukiza yenyewe ikapotea. Bwana mifugo, mkuu wetu, Mshambaa mmoja mwenye kicheko cha kuangusha dari, aliniruhusu nichukue mabaki.

"Chukua," alisema, "lakini ukirudi na vidole pungufu usinililie. Na kizibo usikikaze! Ukikikaza, hilo ni bomu. Tutakuokota vipande vipande mpaka Horohoro."

Mabaki hayo nilimpelekea mwalimu wangu wa shule ya usiku.

Shule tuliita ya usiku, lakini ilianza watu wakitoka msikitini alasiri na kuvunjika isha inapoadhiniwa. Tulikuwa watu wazima: wapakizi wa bandarini, mafundi cherehani, mama mmoja mkunga aliyekuwa akisinzia na bado anajibu maswali sawasawa. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa Mpemba, mrefu, mwembamba, ukimtazama kwa ubavu humwoni. Alikuwa amesoma nchi za baridi miaka mingi, akafanya kazi kwenye maabara moja huko, kisha mkataba ukaisha akarudi. Mchana alitengeneza redio za watu. Jioni alitufundisha sisi.

Watani zake walikuwa wengi. "Mwalimu," mpakizi mmoja alimwambia siku ya kwanza, "Mpemba akija Tanga, majini yetu yatalala wapi?"

"Yatalala kwako," mwalimu alijibu. "Mie nimekuja na yangu, hayapendi kuchanganyika."

Siku niliyompelekea baridi kwa mara ya kwanza, alitoa mfukoni kopo la sabuni, na ndani ya kopo kipande cheusi kama mkaa, kikubwa kama biskuti. Alikiweka kwenye sahani, akakimiminia baridi. Moshi ukatoka. Sasa, moshi tunaoujua sisi, wa ubani, wa kuni, wa sigara, wote hupanda. Ule ulishuka. Ulimwagika kutoka mezani ukatambaa sakafuni, ukapita juu ya miguu yetu iliyovaa ndala, na kila aliyeguswa aliinua mguu kimya kimya. Kisha mwalimu akachukua sumaku ndogo kwa koleo, akaiweka juu ya kile cheusi, akaondoa koleo. Sumaku haikuanguka. Ilikaa hewani. Mwalimu akaisukuma kwa ncha ya kalamu, ikaanza kuzunguka pale pale ilipo, haijashikwa na kitu, haishiki kitu.

Mama mkunga aliamka, akasema, "Laa ilaha illallah," akalala tena. Labda hakulala. Labda alifumba macho tu.

"Hii," mwalimu alisema, "ni kwa sababu ndani ya jiwe hili umeme unapita bila ukinzani. Nani kati yenu aliwahi kupita njia ya Horohoro, kule mpakani, zamani za dhiki?"

Tulicheka, maana nani hakupita? Ile miaka sabuni ilipokuwa adimu kuliko dhahabu, dawa ya meno ikawa hadithi, na kanga mpya ukaiona kwa bibi harusi tu, Tanga nzima ilikwenda Mombasa na kurudi na mafurushi. Na njiani kulikuwa na vizuizi. Huku mgambo, kule mgambo, kila kizuizi unapunguziwa mzigo.

"Waya wa kawaida ndivyo ulivyo," alisema. "Umeme unatoka na mzigo mzima, kila hatua kizuizi, unafika umechoka na mikono mitupu. Lakini kuna vitu, ukivitia kwenye baridi ya kutosha, vizuizi vyote huondoka kwa mkupuo. Umeme ukishaanza safari humo, hauna wa kuusimamisha. Utazunguka leo, kesho, mwaka, hata aliyeuanzisha awe amekwisha kufa."

Hakuna aliyecheka tena.

Mie na mwalimu tulikuwa wapangaji wa nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima wa ukoo wa Kimanga, ambao zamani ulikuwa na minazi Mwera isiyohesabika. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Aliishi na mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe hakuwepo.

Alikwenda Mombasa miaka ile ile ya dhiki, kama vijana wote. Barabarani palikuwa pagumu, akaambiana na wenziwe wapite njia za panya, pembeni pembeni ya mpaka. Wenziwe waliachana naye gizani wakafika. Yeye hakufika, wala hakurudi. Kisha ikaja ruksa, mipaka ikalegea, maduka ya Ngamiani yakajaa sabuni za kila rangi, na vijana waliotoroka kila mtu akarudi kwao, huyu na godoro, huyu na redio ya kaseti. Bi Mkubwa alikaa barazani akiwatazama wakirudi. Wake hakuwamo.

Kaka yake Bi Mkubwa alikuwa akija kutoka Mwera, kila mara na neno moja. "Dada, msomee hitima mwanao. Binti wa watu yuko humu ndani kama mkungu wa ndizi uliofungiwa. Hitima isomwe, akae eda, aolewe."

"Hitima ya nani?" Bi Mkubwa alimjibu. "Nani kafa?"

Maana kwetu hitima ikishasomwa, mtu amekufa. Hakuna cha kusubiri tena. Yeye hakuwa na kaburi, hakuwa na shahidi, na hakuwa tayari. Mkwewe, binti wa Kidigo mpole, fundi wa kushona kofia asiye na mfano pwani yote hii, hakusema kitu. Alishona tu. Ukimtazama huwezi kujua kama anaomba hitima isomwe au isisomwe.

Na Bi Mkubwa alisuka. Tangu mwanawe aondoke alikuwa akisuka ukili mmoja, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Kila mtu husuka ukili, akifika kiasi huukata akaanza kushona. Yeye hakuukata. "Nikiushona," alisema, "utakuwa mkeka wa hitima." Basi ukili ukarefuka, ukaviringwa kama mzinga mkubwa pembeni mwa ukumbi, ukiufungua, nilikuwa nikisema, unaweza kufunga Tanga yote na Pangani ukabakisha wa kutengenezea kikapu.

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi mwalimu alipofanya jaribio la pete pale ukumbini, kwa kuwa chumba chake kilijaa maiti za redio. Alikuwa na pete nyeusi ya kile kile cha ajabu, upana wake kama bangili ya mtoto. Aliiweka ndani ya chupa ya uji ya mdomo mpana, akatia sumaku katikati ya pete, akamimina baridi mpaka ikafunika. Moshi ukashuka kwenye kigoda, ukatambaa ukumbi mzima hadi mlangoni mwa Bi Mkubwa. Kisha akaitoa sumaku na kuipeleka mbali.

"Sumaku imeondoka," alisema. "Lakini iliacha umeme ukizunguka ndani ya pete. Huuoni, hauna sauti. Nahitaji dira tuujue."

Dira iliyokuwemo nyumbani ni moja tu: dira ya kibla, aliyokuja nayo marehemu mume wa Bi Mkubwa kutoka hija. Bi Mkubwa mwenyewe akaileta, akaiweka karibu na chupa. Sindano, ambayo miaka yote iliangalia kibla kama imamu, ikatetemeka. Ikazunguka taratibu. Ikaiacha kibla, ikaelekea kwenye chupa, ikatulia hapo.

"Astaghfirullah," mie nilisema. Kulikuwa na joto la Tanga, la kufanya mbuzi watafute kivuli cha nzi, lakini miguu yangu ilikuwa baridi mpaka magotini.

Bi Mkubwa hakuogopa. Aliinama. "Inamwangalia nani?"

"Inauangalia ule umeme, Bi Mkubwa."

"Na yule aliyeuanzisha ameshaondoka?"

"Ameshaondoka."

"Nao ungali unakwenda."

"Ungali. Maadamu baridi ipo, hausimami."

Bi Mkubwa akaisogelea chupa. Ndani ya chupa ile baridi ilikuwa ikichemka kwa sauti ndogo, sauti ya watu wanaonong'ona chumba cha pili wasitake usikie. Aliisikiliza. Kisha akanigeukia mie. "Mwanangu, weye ndiye unayeleta hii baridi?"

"Ndimi, Bi Mkubwa."

"Basi isikatike. Nimeweka nadhiri. Sindano ikiangalia hapa, mwanangu yu hai, anazunguka. Ikigeuka, nitasoma hitima."

Watu wa kwetu huweka nadhiri kwenye makaburi ya mashekhe, kwenye mizimu, kwenye mibuyu na mapango. Lakini kuweka nadhiri kwenye somo la fizikia, sijui kama imewahi kutokea pengine duniani. Mwalimu alipokuja kusema, ilikuwa kama mtu anayekanyaga miba. "Bi Mkubwa, hii ni pete tu. Haimjui mtu."

"Na kaburi la shekhe linanijua mie?" alimjibu, akaenda zake.

Tangu siku ile alianza kula. Kabla ya hapo alikuwa akionja tu, sahani inarudi ilivyo. Sasa mkwewe alikuwa akipakua wali wa nazi na sahani inarudi safi kama imelambwa. Kila asubuhi nilijazia chupa, nikaifunika kwa pamba tu, kizibo sikikazi. Wageni waliokuja walipita ukumbini wakijibana ukutani. Paka wa nyumba alihamia kwa jirani, na hakurudi.

Bi Mkubwa alihamishia kusuka kwake pale pale karibu na kigoda, na mwalimu, kwa huruma au kwa hatia, akawa anakaa naye baada ya vipindi kumweleza mambo ya maabara yake. Nami nilisikiliza, ndiyo elimu yangu kubwa.

Alimweleza kwamba huko alikokuwa hawakuwa wakichunguza hizi pete tu. Walikuwa na nusu-kipitishi, kitu ambacho si chuma kinachopitisha umeme wala si chupa inayouzuia. Wakikibandika tabaka juu ya tabaka, elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, hunaswa katikati kwenye wembamba usiosemeka, haziwezi kupanda wala kushuka, kama watu wote wa mji kulazwa juu ya mkeka mmoja. Kisha wanashusha juu yake nguvu ya sumaku kubwa sana, na baridi inayofanya hii yetu iwe uji wa moto.

"Hapo, Bi Mkubwa, zile za katikati haziendi tena mahali. Kila moja inazunguka ilipo, kama ng'ombe kwenye kigingi. Zinazosafiri ni zile za ukingoni tu. Zinapita pembeni pembeni, ukutani, upande mmoja. Ziwekee shimo, ziwekee uchafu, zitalizunguka na kuendelea. Hakuna kizuizi cha kuzirudisha nyuma."

"Njia za panya," Bi Mkubwa alisema.

Nadhani mwalimu hakuwa amelifikiria hilo.

"Hazirudi nyuma?" aliuliza yule mama.

"Hazirudi nyuma. Huzunguka ukingo."

"Na ukingo ukizunguka mpaka mwisho?"

"Utafika pale pale ulipoanzia."

"Basi hurudi," Bi Mkubwa alisema, akaendelea kusuka.

Siku nyingine alimweleza ndoto yake. Alitaka kuvioza, kuvifungisha ndoa, vitu viwili hivyo, kile kisicho na vizuizi na kile cha ukingoni. Taabu ni kwamba sumaku ambayo mmoja hawezi kuishi bila yake ni sumu kwa mwenzake. "Ndoa ya mvuvi na mwanamke asiyekula samaki," nilidakia, nikatazamwa vibaya. Lakini wakipatana, alisema, pale wanapogusana kunaweza kuzaliwa kitu cha ajabu: kitu kimoja kilichogawika nusu mbili, nusu hii mwisho huu, nusu ile mwisho ule, mbali kabisa. "Ukiitazama nusu moja huoni kitu. Hata ukiichokoa, haikwambii. Ukitaka kujua kama pana kitu au hapana, lazima uzilete nusu zote mbili zikutane. Na kabla hazijakutana, ukizizungusha na nyingine, zinakumbuka nani alimpita nani. Kama ukili wako huo. Ukiukanyaga, ukiumwagia tope, msuko haupotei."

"Mpaka uukate," alisema Bi Mkubwa.

Mkwe alikuwa kizingitini na kofia yake mkononi. Nilimwona sindano yake imesimama hewani, kama ile sumaku.

Basi kituo chetu kikafungwa. Tuliambiwa serikali inajitoa, atakuja mwenye mtaji, nyie wengine nendeni mkajiajiri. Gari la baridi halikuja tena. Bwana mifugo alicheka siku ile pia, lakini dari haikutikisika. Nilichota mabaki ya mwisho kwenye mtungi wa mwisho, nikaenda nayo nyumbani nikiendesha kama nimebeba mayai.

Tulimwambia Bi Mkubwa. Aliendelea kusuka tu. Chupa ikapungua, kunong'ona kukapungua, na asubuhi moja nilipoondoa pamba hapakuwa na moshi. Pete ilikuwa kavu, imelala ndani ya chupa. Niligusa ukingo kwa kidole: vuguvugu, kama kila kitu Tanga. Umeme ule ulikuwa umekufa, hilo hata mie mwanafunzi wa usiku nililijua.

Nikaitazama dira.

Sindano ilikuwa ingali inaiangalia chupa.

Nilimwita mwalimu. Alikuja na kikoi, akaiinua chupa, akaiinamisha, pete ikamtokea kiganjani. Akaisogeza huku na kule. Sindano haikuijali pete. Iliangalia pale pale, mahali palipokuwa na chupa, kwenye kigoda kitupu kilichofunikwa kitambaa cha kudarizi. Mwalimu alirudisha kila kitu kilivyokuwa. Sikuwahi kumwona mtu mwenye elimu nyingi hivyo akirudi nyuma kinyumenyume.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe majini yako kweli ulikuja nayo," nilimwambia. Nilikusudia mzaha. Haukutoka kama mzaha.

Bi Mkubwa alitoka, akatazama, akakaa kusuka. "Bado," alisema.

Zile siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Chupa ilikuwa kimya, haina kitu, na bado kitu kiliangaliwa. Mwalimu alifuta vipindi akisema anaumwa. Mie niliacha kupita ukumbini, nikawa natokea uani kwa kuruka ukuta, na mwili wangu wakati ule haukuwa wa kuruka kuta. Kaka wa Mwera alikuja, akaonyeshwa sindano, akaondoka bila kunywa chai. Wengine walisema wanamsikia mtu akitembea ukumbini kwa kufuata ukuta. Sikumsikia. Lakini nami sikuthubutu kutega sikio.

Ijumaa asubuhi Bi Mkubwa alikuwa akifagia ili watu wakirudi msikitini wakute nyumba safi. Akainua chupa, akavuta kitambaa cha kigoda akikung'ute. Kitu kizito kikachomoka pindoni mwake, kikaanguka sakafuni, kikapiga kelele ya chuma. Tulitoka sote vyumbani.

Ilikuwa sumaku ya spika ya redio.

Bi Mkubwa aliiokota. Alimgeukia mwalimu. "Mwalimu, umenichezea mwanangu?"

"Wallahi Bi Mkubwa, si mie! Yaani nimekaa humu nikidhani naanza wazimu!"

"Nani mwingine mwenye maspika humu?"

"Ni mie, mama," alisema mkwe.

Alikuwa amesimama ukutani. Katika miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ya kufika uani. "Nilichukua kwenye redio mbovu za mwalimu. Niliona baridi inakwisha."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakula, mama. Nilijua ikigeuka utaacha tena. Nikasema, kama ni kungoja, na tungoje, lakini ule."

Bi Mkubwa alikaa chini, juu ya mzinga wa ukili. "Looo," alisema. "Nami nilikuwa nakaa hapa kila siku kwa ajili yako. Nilidhani weye ndiye usiyetaka kukata tamaa. Nilikuonea huruma, mwanangu. Kuna neno nimekuficha."

"Neno gani?"

"Yule mama muuza kanga wa Mombasa, aliyepita hapa kabla ya haya mapete. Aliniambia ng'ambo ya mpaka, nyumba ya kwanza kwanza ukitoka Horohoro, waliletewa kijana mgonjwa wa homa. Hakusema jina. Akafa, wakamwosha, wakamzika. Kofia yake waliitundika msumarini, huenda ndugu zake wakapita." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nikamwuliza kofia gani. Akasema ya kushona kwa mkono, viua vya vitundu, lakini kiua kimoja kimepinduliwa, kimeangalia chini. Nikashukuru Mungu. Nikasema si wangu. Mwanangu alivaa za mkono wako, nao mkono wako haujawahi kukosea. Basi sikukwambia, nisije nikakutia hofu bure."

Mkwe aliteleza na ukuta mpaka akakaa.

"Kiua cha upande gani?" aliuliza mwisho.

"Cha nyuma, alisema."

"Chini ya kilele?"

"Sijui, mwanangu. Chini ya kilele, labda. Ndiyo. Alisema chini ya kilele."

"Nilikishona jioni ile aliyoondoka," mkwe alisema. "Nilikuwa nalia. Nikakigeuza bila kujua. Nikataka kukifumua, akacheka, akasema iache hivi hivi, nikipotea utanitambua nayo. Niliona haya kusema kwa mtu. Fundi gani anakosea kofia ya mumewe?"

Mwalimu alikuwa amenishika mkono bila kujua. Alama za vidole vyake zilikaa siku nzima, na hilo siongezi chumvi. Miaka yote ile, kila mmoja alikuwa na nusu yake, wakilala vyumba viwili vinavyotazamana, wakila sinia moja. Ukimwuliza huyu, hana habari. Ukimwuliza yule, hana habari.

Bi Mkubwa aliinuka akampa mwalimu ile sumaku. "Ipeleke mbali," alisema.

Mwalimu akaipeleka uani. Sindano ya dira ikatikisika, ikapita kwenye chupa, ikapita mlangoni kwa mkwe, ikaenda taratibu kama mtu anayeamka, ikasimama kaskazini. Kwetu Tanga kibla iko kaskazini. Na ukitoka Tanga kwenda Horohoro, unakwenda kaskazini. Wote wawili waliitazama, na sikuwa na haja ya kuwauliza wanaona nini.

"Nipe kisu," Bi Mkubwa alisema.

Akaukata ukili.

Waliushona pamoja, mama na mkwe, uani, wakianza sala ya alfajiri ikiisha, na ukatoka mkeka uliojaza ukumbi wote na kukunjwa ukutani. Kaka alikuja kutoka Mwera na watu wake, hitima ikasomwa juu yake, wapakizi na mama mkunga nao wakaja, na mwalimu akasoma kwa ile sauti ya Kipemba inayofanya hata mlevi atafute udhu. Kofia ililetwa baadaye kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkwe hakuigeuza kutazama. Aliipitisha kidole nyuma, chini ya kilele, akaiweka kifuani. Alikaa eda yake, kisha akaolewa huko Mkwaja, kwa wavuvi. Kila Idi alimletea Bi Mkubwa samaki mkubwa, sema nusu ya bahari.

Mwalimu alirudi Pemba. Siku hizi nasikia wapo watu, huko kwenye maabara zenye fedha, wanaovioza kweli vile vitu viwili, na kuzitafuta zile nusu mbili ukingoni. Mungu awasaidie. Aliniachia pete ndani ya kopo la sabuni, nami ninayo mpaka leo. Bi Mkubwa alipofariki nilipewa na dira. Mara nyingine, alasiri, naviweka pamoja mezani. Sina baridi ya kuiamsha pete. Sindano haina habari nayo. Inaangalia Horohoro.